Kindi wa Tanga: kutoka mwembeni hadi nyika ya Mkomazi

Ukimwona kindi juu ya mti, mtazame tumbo kwanza. Wengi huutazama mkia, kwa kuwa ndio unaochezacheza na kuvuta jicho, lakini katika pwani yetu tumbo husema zaidi. Likiwa jekundu la kukolea, huyo ni mmoja. Likiwa limefifia na mkia una pete kuanzia shinani hadi nchani, huyo ni mwingine. Likiwa limefifia na mnyama mwenyewe ni mdogo, manyoya yake yakielekea rangi ya majani makavu, huyo ni wa tatu. Na kama kindi wako hayuko mtini kabisa, amesimama wima kando ya shimo katikati ya vumbi, basi ujue pwani umeshaiacha nyuma.

Mkoa wa Tanga umejaliwa jambo hili kuliko sehemu nyingi za nchi. Kwa safari ya siku moja ya gari, mtu anatoka ufukweni, anapita mashamba ya mkonge na michungwa ya Muheza, anapanda Usambara hadi kwenye baridi ya Lushoto, kisha ng'ambo ya mlima anaikuta nyika kavu ya Mkomazi. Kila ngazi ya safari hiyo ina kindi wake. Wanyama wakubwa tumewaandika sana, tukawachora kwenye noti na kuta za shule, na sistahili kulalamika kwa hilo. Lakini mtoto wa Pongwe au wa Korogwe anaweza kumaliza darasa la saba bila kumwona tembo hata mara moja, ilhali kindi anapita juu ya paa la darasa lake kila asubuhi. Mnyama huyu hadai kiingilio wala gari. Na kwa kuwa kila aina imefungamana na miti ya namna yake, anayewajua kindi wa mahali fulani anaijua pia hali ya miti ya mahali hapo. Hilo ndilo lililonifanya niandike.

Huyu mwenye tumbo jekundu ndiye mwenyeji wa pwani hasa. Wanasayansi humwita Paraxerus palliatus, jina alilopewa na Mjerumani Wilhelm Peters mwaka 1852 kutokana na mnyama aliyepatikana Msumbiji. Makazi yake ni ukanda mrefu unaoanzia kusini mwa Somalia, ukapita Kenya na Tanzania, hadi KwaZulu-Natal huko Afrika Kusini. Ukiuchora ukanda huo kwenye ramani utaona unafuata pwani na milima inayonyeshewa na mvua za Bahari ya Hindi. Mgongo wake ni mweusi uliochanganyika na kijivu, kila unywele ukiwa na ncha ya rangi nyingine, hata akitulia kwenye gome la mkwaju humwoni. Akigeuka tu, kidari, mashavu, miguu na mkia vinawaka rangi ya chungwa.

Mtazame anavyokula. Hukaa kwa makalio kwenye tawi, akashika tunda kwa mikono miwili yenye vidole vinne vinne, akawa analizungusha huku meno ya mbele yakimenya. Mara nyingi nyama ya tunda huiacha idondoke, maana anachokitafuta ni kokwa. Akiifikia, sauti hubadilika: unasikika mkwaruzo mkavu, wa haraka, usiokatika, na aliye chini ya mti huusikia kabla hajamwona anayeutoa. Meno hayo hayaachi kukua maisha yake yote. Upande wa mbele yana tabaka gumu lenye rangi ya chungwa, na upande wa nyuma ni laini zaidi, kwa hiyo kila anapotafuna nyuma huliwa upesi kuliko mbele na makali yanabaki pale pale. Kindi asiyepata kitu kigumu cha kutafuna meno yangemzidi, akafa kwa njaa chakula kikiwa mbele yake.

Kisha utamwona anashuka. Anashuka kichwa kikitangulia, jambo ambalo paka haliwezi vizuri, kwa sababu kifundo cha mguu wake wa nyuma kinageuka hadi kucha zikatazama juu na kukamata gome. Akifika chini hutulia kidogo, akasikiliza, akakimbia hatua chache na kokwa mdomoni, akaichimbia chini ya majani makavu karibu na mzizi, akaifukia na kuipapasa kwa mikono. Huficha moja hapa, nyingine kule, wala hazirundiki mahali pamoja. Nyingi huzirudia wakati wa uhaba. Nyingine huzisahau, au anauawa kabla hajazirudia, na katika hizo zipo zinazoota. Hondohondo na kima huzipeleka mbegu mbali zaidi, lakini huziangusha juu ya ardhi, zikaliwa na wadudu. Kindi na panya buku huzipeleka mita chache tu, ila wanazifukia. Msitu wenye miti ya mbegu kubwa unahitaji kazi zote mbili, na pale ambapo wanyama wakubwa wamekwisha kuwindwa, hii ya pili ndiyo inayobaki.

Akiona hatari, mara nyingi hakimbilii mbali. Hung'ang'ania shina, mkia ukipiga mgongo kwa nguvu, akatoa mlio wa kukatakata unaodumu kwa dakika kadhaa. Ndege huitikia, na kindi wa jirani naye huitikia. Watu waliozoea misitu wanaijua kelele hii: kindi akikazana kulia huku macho yameganda sehemu moja, huwa kuna nyoka, kipanga au kanu. Binafsi nimejifunza kusimama nikiisikia, kabla sijaweka mguu mbele. Kwa mnyama anayezaa mtoto mmoja au wawili tu kwa mara moja, tofauti na panya anayejaza kiota, kupoteza mtoto mmoja ni hasara kubwa, na huenda ndiyo sababu ya kelele zote hizo.

Ng'ambo ya mkondo, Unguja, yupo vilevile. Wanaokwenda Jozani, ambako pamekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2004, hufuata kima punju na kupiga picha zao, na ni wachache wanaoinua macho kwenye matawi ya jirani kumtafuta kindi mwekundu. Hakuogelea kufika huko. Zamani, bahari ilipokuwa imepwa sana wakati wa enzi ya barafu, Unguja ilikuwa sehemu ya bara, na bahari ilipopanda tena kindi akabaki upande wa pili pamoja na miti yake.

Huko Jozani ana jirani, ambaye Tanga yupo pia: kindi-jua, Heliosciurus undulatus. Huyu ni wa kwetu kweli kweli, kwani makazi yake yote duniani hayazidi kusini-mashariki mwa Kenya, kaskazini-mashariki mwa Tanzania, Unguja na Mafia. Mmarekani Frederick True ndiye aliyemweleza katika maandishi ya sayansi mwaka 1892, kutokana na mnyama wa Kilimanjaro. Ana rangi ya hudhurungi yenye chembechembe za njano, na mkia wake mrefu umefungwa pete nyeusi na nyeupe zilizofuatana. Asubuhi baada ya usiku wa mvua hujilaza kifudifudi kwenye tawi lililo wazi, miguu imening'inia pande zote mbili, akaota jua bila haraka. Haishii kwenye matunda na mbegu. Hula pia wadudu, mijusi, na mayai ya ndege akiyapata. Usiku hulala ndani ya tundu la mti alilolitandika majani mabichi, na hapo ndipo shida yake ilipo. Mti wa kuwa na tundu kubwa kiasi hicho ni mti mzee, na mti mzee ndio wa kwanza kukatwa shamba linapopanuliwa au mbao zinapohitajika. Mwembe wa bibi uliooza tumbo huonekana hauna kazi tena. Kwa kindi-jua ndiyo nyumba pekee iliyobaki mtaani.

Yule mdogo, Paraxerus ochraceus, nitampita upesi, kwa kuwa yeye ana nafuu. Mfaransa Huet alimweleza mwaka 1880 kutokana na mnyama wa Bagamoyo, na tangu wakati huo amethibitika kuwa mvumilivu: vichaka, migunga, ua wa michongoma, bustani za nyumbani, kote anaishi. Hula mbegu, matunda, wadudu na utomvu wa migunga. Ukimwona kindi wa rangi ya njano iliyochafuka akikatiza barabara ya vumbi mchana wa jua kali huko Handeni au Korogwe, kisha akapotelea kwenye kichaka kisichofika hata kiunoni, mara nyingi atakuwa huyu.

Sasa tupande. Kutoka Mombo barabara inajikunja kwenye ukuta wa mlima kwa kilomita zaidi ya 30, na hewa inabadilika ukiwa bado ndani ya gari. Usambara ni sehemu ya safu ya Tao la Mashariki, milima ya miamba mikongwe inayoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa. Kwa mamilioni ya miaka upepo wa Bahari ya Hindi umeileta mvua juu yake hata pale ambapo tambarare za chini zilikauka kwa ukame mrefu. Misitu ya vileleni ikasalia, kila mlima peke yake, ikizungukwa na nyika ambayo mnyama wa msituni hawezi kuivuka. Hata Usambara yenyewe imegawanyika: Bonde la Lwengera linaitenga ile ya mashariki, yenye Amani na joto la unyevu, na ile ya magharibi yenye Lushoto, inayopanda kupita mita 2,000.

Huko Magharibi ndiko yuko kindi ambaye mgeni anayetoka pwani hajamwona. Mwaka 1923 Mwingereza Kershaw alimweleza kwa jina la Paraxerus vexillarius, kutokana na mnyama wa Lushoto. Kwa Kiingereza ameambatanishwa na Swynnerton, mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika chini ya Waingereza, ambaye baadaye alitumia miaka mingi Shinyanga akipambana na mbung'o hadi alipokufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Ningependa siku moja tumwite kindi wa Usambara, tukamjua hivyo shuleni. Mgongo wake ni wa kijani-kijivu, rangi ya kuvumwani inayofunika matawi ya msitu wa mlimani, na miguuni ana rangi ya chungwa. Nje ya milima ya Tanzania hayupo popote duniani. Familia ya kindi ina aina zaidi ya 270, nayo inapatikana mabara yote isipokuwa Australia na Antaktika, lakini huyu amepewa misitu michache tu ya baridi hapa kwetu.

Na misitu hiyo imepungua sana. Safu nzima ya Tao la Mashariki imepoteza zaidi ya theluthi mbili ya msitu wake wa asili tangu binadamu aanze kulima humo. Anayetoka Lushoto mjini kuelekea Magamba huona kijani kila upande, akaridhika. Atazame vizuri. Sehemu kubwa ya kijani hicho ni misonobari na mikaratusi iliyopandwa, yenye umri mmoja na mistari iliyonyooka. Ni miti yenye faida, na hakuna anayeweza kumlaumu mtu wa mlimani kwa kuhitaji mbao na kuni. Lakini haina mashimo, haina mimea ya kutambaa inayoshikanisha kilele na kilele, wala haina matunda ya kupokezana mwaka mzima, mti huu ukimaliza mwingine ukianza. Kindi wa Usambara anahitaji hayo yote. Ndiyo maana takwimu za miti iliyopandwa, hata zikiwa kubwa, hazinipi faraja ninapomfikiria yeye. Kilichobaki Magamba na Shagayu hakiwezi kupandwa upya katika umri wa mtu mmoja.

Upande wa Mashariki kuna jambo lililofanyika ambalo linastahili kukumbukwa. Katika eneo la Derema, karibu na Amani, wakulima walikuwa wakilima iliki chini ya miti ya msitu. Iliki inapenda kivuli, kwa hiyo miti mikubwa iliachwa, na kwa mbali msitu ulionekana mzima. Chini, hata hivyo, miche yote ilikuwa ikifyekwa kila msimu, na mti mkubwa ukianguka hakuna wa kurithi nafasi yake. Miaka ya 2000 Serikali iliamua kuutenga ukanda huo uwe kiungo kati ya misitu ya kaskazini na ya kusini, na wakulima wakalipwa fidia ya mimea yao. Kuacha shamba lililokulisha miaka mingi si jambo jepesi, na walioliacha ndio waliolipa gharama kubwa kuliko wote. Hilo linapaswa kusemwa kila tunapousifu msitu wa Amani. Kwa wanyama wanaosafiri kwa kurukia tawi hadi tawi, ukanda ule ndio barabara yao.

Katika misitu hiyo hiyo, jua likishazama, hutoka mnyama ambaye watu wakimwona kwenye mwanga wa tochi humwita kindi arukaye. Ana ngozi iliyotanda kati ya mikono na miguu, akijiachia kutoka kilele cha mti mmoja hupaa kwa kuteleza hewani makumi ya mita na kutua kwenye shina la mwingine. Chini ya shina la mkia ana safu za magamba makali yanayomzuia asiteleze kwenye gome. Huyu, Anomalurus derbianus, si kindi hata kidogo. Nje ya familia yake mwenyewe, jamaa yake wa karibu zaidi miongoni mwa wanyama wa leo ni kamendegere, yule arukaye kama kangaruu kwenye mbuga usiku, ambaye hajawahi kupanda mti. Mmoja amechukua njia ya vileleni, mwingine ya ardhini, na wote wawili wamebaki watu wa usiku.

Ukisimama Mtae, kwenye ukingo wa kaskazini wa Usambara Magharibi, mlima unakatika ghafla mbele ya miguu yako na chini yake imetanda nyika ya Mkomazi hadi Kenya. Lilikuwa pori la akiba tangu mwaka 1951, likafanywa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Mvua inayonyesha mlimani huko chini haifiki, na miti mirefu haipo. Kindi wa huko ni kuchakuro asiye na mstari, Xerus rutilus, rangi ya udongo anaoukanyaga. Manyoya yake ni magumu na machache, masikio karibu hayaonekani, jicho limezungukwa na duara jeupe, na kucha za mikono ni ndefu za kuchimbia. Hupanda kichaka kwa shida. Nyumba yake ni shimo, na ratiba yake ni ya jua: hatoki mpaka ardhi imepata joto, na giza halimkuti nje.

Mtafiti Thomas O'Shea aliwafuatilia nchini Kenya na kuchapisha matokeo yake mwaka 1976. Aliona kwamba kila mmoja huishi peke yake katika shimo lake, lakini maeneo yao ya kutafutia chakula yanaingiliana, na wanapokutana kuna anayempisha mwenzake bila ugomvi, kwa kuwa nani mkubwa linajulikana tayari. Saa za mchana, nyika inapochemka, kuchakuro huulaza mkia juu ya mgongo na kichwa ukawa mwavuli, akaendelea kula kivulini pake mwenyewe. Huo mkia ambao kwa yule wa pwani ni bendera ya vita na kwa kindi-jua ni pete za kujificha, hapa umepewa kazi ya tatu.

Wakulima wana kesi na wanyama hawa, nayo ni ya haki. Kindi wa ardhini, hasa, hujua mahindi yalipopandwa. Hufuata mstari shimo kwa shimo siku chache baada ya kupanda, akafukua mbegu kabla haijachipua, na mkulima asiye na mbegu ya pili ameumia msimu mzima. Wale wa mtini hutoboa maembe na mapapai. Ninachowaomba wenye mashamba ni kutofautisha. Hasara ya mahindi hutokea ndani ya muda mfupi, kati ya kupanda na kuchipua, na wazee wengi hulijua hilo: huweka mtu wa kulinda siku hizo, wakafyeka kichaka kinachopakana na shamba ili kuchakuro asipate pa kujificha. Sumu inayomwagwa shambani mwaka mzima haimlengi mwizi. Inamuua bundi na kanu, na wakati mwingine kuku na mbwa wa mwenye shamba. Na yule mwekundu wa msituni, au wa Lushoto, hana habari na mahindi ya mtu. Kumpiga kwa manati kwa ajili ya kosa la jamaa yake wa nyikani ni kumwonea.

Anayetaka kuanza kuwatazama asiende mbali. Miti mikubwa ya Raskazone mjini Tanga ni mahali pazuri pa kuzoesha jicho. Baada ya hapo aende Zigi, kwenye lango la Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, penye jengo la zamani la stesheni ya reli ya Wajerumani. Afike kati ya saa moja na saa nne asubuhi, au arudi baada ya saa tisa alasiri, kwa kuwa mchana wa jua kali kindi wa msituni hupumzika kama watu. Asivae nguo nyeupe. Atafute kwanza mti unaozaa kwa wakati huo, maganda yaliyodondoka chini yatamwonyesha, kisha akae mita kumi pembeni yake na kusikiliza mkwaruzo wa meno. Waongozaji wa pale wamekulia vijiji vya jirani na wanaijua miti kwa majina. Wakiulizwa habari za kindi, ambazo wageni wengi hawaulizi, husimulia mengi. Darubini ndogo inatosha. Kwa mtoto, daftari na penseli: tumbo rangi gani, mkia una pete au hauna, alikuwa juu kiasi gani, na mti aliokuwa akila matunda yake ni upi.